Aliyekalia Mdomo wa Tangi

Mama Filimbi aliisoma ile karatasi mara ya pili, taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha akaikunja kati kwa kati na kuirudisha mezani.

"Sisaini," alisema.

Walikuwa watatu katika chumba cha huduma ya kwanza cha kiwanda cha sukari, chumba ambacho polisi walikuwa wameazimwa kwa muda: yeye, Inspekta, na koplo aliyekalia kitanda cha wagonjwa kwa kuwa viti vilikuwa viwili tu. Ilikuwa saa saba mchana. Tangu asubuhi mkuu wa kituo alikuwa amempigia Inspekta simu mara mbili kumkumbusha kwamba saa kumi kamili anataka faili mezani kwake, lina sahihi, mtuhumiwa yuko ndani, na mambo yamekwisha. Mara zote mbili Inspekta alijibu "ndiyo, afande" kwa sauti ya mtu asiye na nia yoyote ya kutii. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miaka ishirini na mbili kazini, na katika miaka hiyo alikuwa ameshajifunza kuziogopa kesi zinazomalizika kwa haraka.

Siku tatu kabla, baba wa watoto wawili aliyeitwa Kijiko alikuwa amefia ndani ya tangi la molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Walimwita Kijiko kwa sababu tangi alilolikwangua yeye lilitoka kama limelambwa. Molasi inayobaki chini ya tangi huchacha, na ikichacha huifukuza hewa nzuri na kuacha gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu akiivuta mara chache, magoti yanamwishia nguvu. Ndiyo maana haingii mtu bila feni ya kumpulizia hewa, bila kamba mwilini, na bila mtu wa nje. Huyo mtu wa nje hana kazi nyingine. Husimama kwenye mdomo wa tangi, kamba mkononi, akisikiliza. Haingii ndani, liwalo na liwe, wala haondoki mpaka mwingine aipokee zamu. Kiwandani hapo mtu huyo alikuwa Mama Filimbi kwa miaka kumi na minne, na jina lake lilitokana na filimbi ya chuma aliyoivaa shingoni. Mwenye filimbi ndiye mlinzi wa mdomo. Kuipokea filimbi ni kuipokea roho ya mtu aliye chini, na hilo kila mfanyakazi alilijua.

Sasa jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi kufumba. Alipigwa ngumi na kaka yake Kijiko, fundi bomba, mbele ya watu wasiopungua thelathini. Kaka mtu alikuja mbio kutaka kujitosa tangini amtoe mdogo wake, akamkuta mama huyu ameukalia mdomo wa tangi, spana mkononi, anasema hapiti mtu. Alimpiga, hakutoka. Wakamvuta wawili, akajibana. Zimamoto walipofika na mitungi yao ya hewa, dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita na Kijiko alikuwa ameshakata roho. Kiwanda kizima kilikuwa kimeshamhukumu Mama Filimbi kwa alichokiona kwa macho.

"Mama," Inspekta alisema, "kwa nini husaini?"

"Imeandikwa vizuri. Ila si mimi."

Inspekta aliikunjua karatasi, akasoma kwa sauti. "'Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa mdomo wa tangi. Niliacha zamu yangu bila kumkabidhi mtu. Mwenzangu alipogonga kuomba msaada, hakukuwa na wa kumsikia.' Wapi hapo si wewe?"

"Mimi nilikabidhi. Msimamizi wa zamu alikuja akaniambia meneja ananiita nikasaini kibali cha tangi la pili. Nikamwambia, kileteni hapa. Akasema, dakika mbili tu, nipe filimbi. Nikampa. Kosa langu nalijua, binti yangu. Nilimpa filimbi mtu asiyejua kazi yake. Hilo nitalibeba mpaka naingia kaburini, sihitaji karatasi. Lakini la mtu mwingine silibebi, hata mniweke ndani mpaka nioze."

Koplo alikohoa. "Msimamizi anasema hakuikanyaga sehemu ile baada ya saa tatu. Na filimbi ulikutwa nayo wewe shingoni."

"Niliikuta imetundikwa kwenye kiti. Nilikuwa narudi, bado niko kwenye ngazi za ofisi, nikasikia kimya. Ofisini milango imefungwa, husikii kitu, lakini huku nje feni ile inanguruma kiwanda kizima. Nilivyosikia kimya, nikajua. Nilikimbia. Feni imezimwa, mtu hayupo, kamba imelegea. Nikawasha feni, nikavuta kamba, imenasa kwenye mabomba ya mvuke mle chini. Nikavaa filimbi yangu, nikapuliza." Akaigonga ile karatasi kwa ukucha. "Halafu na mimi nina swali. Kijiko aligonga lini?"

Inspekta aliinua macho.

"Tulikuwa na lugha yetu," alisema Mama Filimbi. "Mimi na yeye tu, haijaandikwa popote. Anagonga ukuta wa tangi kwa kikwanguo. Moja, niko salama. Mawili, ndoo imejaa, vuta. Matatu, nitoe. Nilipoondoka aligonga moja. Niliporudi, hakukuwa na sauti. Sasa huyu aliyeandika kwamba aligonga kuomba msaada, kaambiwa na nani?"

Koplo alishuka kitandani.

"Nani aliandika hii?" Inspekta alimuuliza koplo.

"Ilitoka ofisi ya meneja, afande. Imechapwa na katibu muhtasi. Walisema wanatusaidia."

"Na katibu muhtasi alisomewa na nani?"

Koplo hakujua. Alikwenda kuuliza, akarudi baada ya robo saa anahema, maana alikuwa na mwili. Alikuja na mambo mawili. Katibu muhtasi alisomewa maneno hayo na msimamizi wa zamu mwenyewe, neno kwa neno. Na katika daftari la wageni la ofisi ile, Mama Filimbi alikuwa ameandikwa: kuingia saa nne na dakika kumi na mbili, kutoka saa nne na dakika thelathini na moja.

"Dakika kumi na tisa kusaini kibali?"

"Meneja alikuwa kwenye simu, afande. Alimwacha kwenye benchi."

Inspekta alitoa kwenye faili orodha ya simu za msimamizi, iliyofika asubuhi ile kutoka kampuni ya simu. Alikuwa ameshaipitia na kuona haina kitu. Safari hii aliipitia upya, kalamu ikishuka polepole. Saa nne na dakika kumi na saba, msimamizi alipigiwa simu kutoka stoo kuu. Mazungumzo ya dakika tisa.

"Alisema alikuwa wapi muda huo?"

"Karakana. Anasema alipokea simu akiwa karakana."

"Karakana ilikuwa na watu?"

"Mafundi wote walikuwa kwenye mashine ya kusagia, upande wa pili. Hakuna wa kumkanusha wala wa kumuunga mkono."

Inspekta alisimama, akaitia karatasi mfukoni. "Twende tangini. Mwite msimamizi. Na kaka wa marehemu pia."

"Kaka mtu, afande? Yule akimwona mama huyu..."

"Mwite."

Tangi lilikuwa limezikwa nusu ardhini, nyuma ya jengo la kuchemshia. Mdomo wake ulikuwa juu, ukimfika mtu magotini, upana wake kama tairi la gari dogo. Hatua kumi na tano kutoka hapo palikuwa na kipenu cha mabati, na chini ya kipenu kiti cha plastiki kilichoegemea nguzo nene ya zege. Feni ilikuwa chini ya jua, bomba lake la turubai limetumbukizwa tangini. Ardhi yote ilikuwa nyeusi na ya kunata, na kila aliyepiga hatua kiatu kilimlilia.

Siku ya kwanza msimamizi alikuwa amewaonyesha polisi kiti hicho kama mtu anayeonyesha kisu chenye damu. Alisema ndipo Mama Filimbi alipokuwa akisinzia badala ya kufanya kazi, na Inspekta aliingia mtegoni, akakipiga picha, akakiandika. Leo alimgeukia mama mwenyewe.

"Hiki ni chako?"

"Mimi sikai. Ukikaa, kamba huisikii."

Inspekta alitazama kutoka kitini hadi mdomoni. Hakuna kamba iliyoweza kushikwa kutoka pale. Aliona haya kwa kutoliona jambo hilo siku tatu zilizopita.

"Koplo, washa feni."

Koplo aliizunguka feni. Haikuwa na swichi. Akafuata waya, ukapotelea nyuma ya mapipa. Ukaibukia kwenye kipenu, akaupoteza tena. Alipapasa ukuta, akainama, akachungulia juu ya mabati, huku jasho likimtoka. Mwishowe Mama Filimbi alimwonea huruma.

"Nyuma ya nguzo, mwanangu. Upande usioonekana. Waliiweka huko isipigwe na mvua."

Feni iliunguruma, wote wakalazimika kupaza sauti. Inspekta akaashiria izimwe. Kisha akamnong'oneza koplo jambo sikioni, na koplo akaondoka kuelekea stoo kuu, mkono mfukoni.

Msimamizi wa zamu alifika akiwa anatazama saa. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikononi, na wafanyakazi walimwita Dakika Mbili akiwa hayupo. Nyuma yake alikuja fundi bomba, kaka yake Kijiko, macho mekundu. Alimwona Mama Filimbi akasimama mbali, ngumi zimefungwa.

"Afande, nina gari la miwa linanisubiri," alisema msimamizi. "Nilidhani karatasi imeshasainiwa."

"Bado kidogo. Nisaidie tu. Ulisema saa tatu ulipita hapa ukamwona mama huyu amekaa."

"Amekaa na kusinzia."

"Alikaaje?"

"Amekaa tu, kwenye kiti, ame..."

"Usinieleze. Nionyeshe."

Msimamizi alicheka kidogo, akafuta kiti kwa leso, akakaa. Alijiegemeza kwenye nguzo, miguu mbele.

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na feni ilikuwa inafanya kazi?"

"Bila shaka. Haikuzimwa siku nzima. Kama ilizimwa, kaizima yeye. Mimi mambo ya feni siyajui, hiyo ni ya watu wa usafi."

"Mama, tuwashie."

Mama Filimbi alipita nyuma ya nguzo, feni ikaunguruma. Inspekta alisimama mbele ya msimamizi akiandika kwenye kijitabu chake bila haraka, akiuliza mambo madogo madogo kwa sauti ya juu. Kiti kilielekea wapi? Alikuwa na kofia? Msimamizi alijibu kwa kupiga kelele, na mara ya tatu akaanza kukasirika, maana hasikilizani na mtu.

Ndipo simu ikatetemeka kwenye mfuko wa shati lake.

Aliitoa, akaitazama, akaiweka sikioni. "Haloo? Haloo?" Alikunja uso. Aliziba sikio la pili kwa kiganja. "Sikusikii!" Na mkono uleule uliokuwa umeziba sikio ukashuka, ukaenda nyuma ya nguzo bila yeye kugeuza kichwa, bila kupapasa, ukaikuta swichi mara moja.

Feni ikanyamaza.

Mkono wa msimamizi ulikuwa bado nyuma ya nguzo, na yeye mwenyewe alikuwa anautazama sasa, kama vile si wake.

"Nilitaka kusikia," alisema.

"Najua," Inspekta alijibu. "Hata siku ile ulitaka kusikia. Weka sauti ya nje, tumsikie na sisi."

"Afande, hii ni simu ya kazi tu, ni mama wa stoo..."

Inspekta aliichukua simu mkononi mwake, akaweka sauti ya nje mwenyewe. Alichomwagiza koplo kilikuwa kidogo sana: mtunza stoo ampigie msimamizi, aseme lolote. Hakutegemea zaidi ya hapo. Alitaka mkono tu, na mkono alikuwa ameupata.

"Haloo, bosi?" Sauti ya mama wa stoo ilikuwa changamfu. "Sasa nakusikia vizuri. Mwanzo mlikuwa na ngurumo huko, ikakatika ghafla. Kama siku ile tu. Na wale wagongaji wako leo wamepumzika?"

Inspekta aliisogeza simu karibu na mdomo. "Mama, hapa ni polisi. Wagongaji gani?"

"Oh. Shikamoo, afande. Siku ile ya msiba, tulikuwa tunazungumza habari za magunia. Nikasikia mtu anagonga chuma. Nikamuuliza bosi, nani huyo anatupigia kelele? Akasema ni mafundi tu."

"Waligongaje?"

"Waligonga, afande. Ngo ngo ngo."

"Usinieleze, mama. Nigongee hapo mezani, kama ulivyosikia."

Wakasikia kitu kigumu kikigonga ubao. Matatu. Kimya. Matatu. Kimya kirefu zaidi. Mawili.

"Mwisho aligonga mawili tu," ilisema sauti ya mama wa stoo. "Nakumbuka kwa sababu kazi yangu ni kuhesabu. Nikasema moyoni, huyu naye kachoka."

Mama Filimbi aliketi. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kumwona amekaa mahali pale, isipokuwa ile siku moja, na sasa aliketi chini kabisa, kwenye molasi nyeusi, mgongo wake umeuegemea mdomo wa tangi. Inspekta alikata simu. Hasira aliyokuwa nayo ilimshangaza hata yeye.

"Nilidhani anataka ndoo," msimamizi alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Saa na gari la miwa vilikuwa vimemtoka akilini. "Wallahi nilidhani anataka ndoo. Nikasema mwenyewe yuko njiani anarudi, atamvutia. Nilikuwa kwenye simu. Dakika mbili tu."

"Ndoo ni mawili," alisema Mama Filimbi kutoka chini. "Na hayo mawili ya mwisho hayakuwa ya ndoo. La tatu lilimshinda."

Fundi bomba aliruka. Alimpita Inspekta kabla hajageuka, mkono umeinuliwa, na safari hii hakuwa na ngumi tu, alikuwa ameokota kipande cha bomba. Lakini Mama Filimbi alikuwa ameshanyanyuka. Alisimama kati yake na kile kiti, kifua mbele, jicho moja limefumba, mikono mitupu.

"Hupiti," alisema.

"Toka, mama. Nitakuumiza tena."

"Niumize. Juzi nilikuzuia usife, leo nakuzuia usifungwe. Mama yenu amebakiwa na mmoja, na huyo mmoja simpi mtu. Weka hicho chuma."

Fundi bomba alimtazama usoni, hasa lile jicho, kazi ya mkono wake mwenyewe. Bomba lilianguka likazama nusu kwenye molasi.

"Kama ungeniacha niingie," alisema, sauti imepasuka, "ningemkuta hai?"

"Ungemkuta, mwanangu. Sijui kama hai. Na mngetolewa wote wawili mkiwa maiti."

Hapo alilia, mtu mzima, mbele ya polisi na mbele ya mama aliyempiga, na Mama Filimbi alimshika kichwa akakilaza begani.

Koplo alirudi kutoka stoo akiwa anahema, akasimama upande wa pili wa kiti, pingu mkononi. Simu ya Inspekta nayo ilianza kulia. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

"Ndiyo, afande," alisema Inspekta. "Hapana, afande. Hajasaini." Alisikiliza kwa muda, macho yakiwa kwenye mdomo wa tangi. "Hapana, hatasaini. Na mimi simpeleki popote. Kama faili ni lazima liletwe bila ukweli, basi alilete mwingine." Akakata, akaizima simu kabisa.

Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti na kuisoma tena. Mama Filimbi alinyoosha mkono akaichukua. Aliisafisha alama ya kidole cha molasi kwa ncha ya khanga, akaenda nayo hadi kwenye kiti na kuiweka mapajani mwa msimamizi.

"Saini," alimwambia. "Kila neno hapa ni kweli, na umelisema kwa mdomo wako. Ondoa tu hilo la kutosikia."